Dakika Nane za Kasi

Jina la Kasi alipachikwa shuleni, tena kwa kejeli. Wenzake walimwona anavyohangaika kujibu "nipo" mwalimu akiita majina, mpaka mwalimu anafunga daftari bado yeye yuko kwenye "ni", wakamwita Kasi na kucheka mpaka wakashika mbavu. Naye akafanya nini? Akalichukua. Akaliandika kwenye begi, kwenye madaftari, kwenye ukingo wa dawati, hadi shangazi yake nyumbani akalisahau lile alilozaliwa nalo. Ndivyo alivyo Kasi. Ukimrushia tusi atalivaa, atalipiga pasi, na kesho atakupitia nalo mlangoni.

Kigugumizi chake si kile cha watu wanaobabaika wakiona wakubwa. Neno lilikuwa likifika kooni linajifungia kwa ndani, na yeye anabaki nje akigonga. Adui yake mkubwa alikuwa K. Na jina wamempa linaanza na nini? Haya.

Alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya tiba ya usemi, pale hospitalini, mwaka wa tano sasa. Shahada yake ya isimu ilikuwa imetundikwa ukutani kwa shangazi, karibu na ramani za mishono. Kazi yake ilikuwa kupokea mafaili na kuita wagonjwa. Kuita hakuiti, huinuka, humfuata mgonjwa pale alipokaa, humgusa bega, na kumpeleka ndani. Wagonjwa walimpenda kwa hilo. Wakubwa wa hospitali walisema anapoteza muda.

Mwaka huo chuo kikatangaza nafasi kumi na mbili za shahada ya uzamili ya tiba ya usemi, na Kasi akakata shauri. Fomu ilitaka cheti cha shahada ya kwanza, anacho. Barua mbili za wadhamini, anazo. Saa ishirini na tano za kukaa kliniki ukiwatazama wataalamu wakifanya kazi. Jamani, huyu ana miaka mitano! Kilichomtoa jasho ni kifungu cha mwisho: mwombaji atume video ya kujieleza, isiyozidi dakika tatu.

Hebu nikuulize. Idara nzima inayofundisha watu kuwatibu wasioweza kusema, inampa kila mtu dakika tatu za kusema. Mwenye mkongojo umpime kwa mbio! Lakini ndivyo ilivyoandikwa, na chini yake pana muhuri.

"Mwanangu," shangazi alisema, pini tatu zikiwa mdomoni, maana alikuwa fundi cherehani na mdomo wake ndio uliokuwa kikopo cha pini, "mganga hajigangi."

"Si-si-sitaki kujiganga. Nataka k-k—"

"Kutibu wenzako. Najua. Ndiyo hilo ninalosema."

"Kusoma," Kasi akasema. "Nilitaka kusema kusoma."

Usimwone shangazi mbaya. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na tangu hapo akawa mdomo wake, mdomo wa kujitolea. Dukani: huyu anataka kilo mbili. Hospitalini: huyu kichwa kinamgonga. Hata mchumba alipokuja kuulizia, shangazi alijibu hapana kabla Kasi hajafungua kinywa, na bahati nzuri hapana ndilo lilikuwa jibu lenyewe. Lakini bahati si kila siku.

Mtoto wa shangazi, kaka kwa Kasi, alikuwa mpiga video wa harusi. Huyo kazi yake ni kukata. Mjomba akikohoa katikati ya nasaha, anakata. Bibi harusi akinuna, anakata. "Harusi ya saa nane," alipenda kujigamba, "naiweka kwenye dakika arobaini, na hakuna anayejua nani alimtukana nani." Jumapili moja asubuhi akaleta kamera, akaisimamisha katika chumba cha cherehani, na ugomvi wa kwanza ukawa juu ya saa ya ukutani. Ilikuwa saa kubwa yenye uso mweupe, inatembea kwa kishindo, imening'inia juu ya majora ya vitambaa.

"Mama, hiyo saa itaingia kwenye sauti. Tuishushe."

"Saa yangu haishuki," shangazi akasema. "Wateja wangu watajuaje wamechelewa?"

Ikabaki. Kasi akakaa mbele yake, akapiga moyo konde, akasema. Alisema alivyoanza kazi mapokezi, alivyojifunza kumsubiri mtu, na kwa nini alitaka kutoka kwenye meza ya mafaili aingie chumba cha ndani. Alikwama, akakwamuka, akakwama tena. Shangazi alikuwa pembeni akipiga pasi kola, na kila Kasi alipokwama midomo ya shangazi ilicheza. Alipomaliza, kaka yake akatazama kamera, akasafisha koo.

"Dakika nane na sekunde kumi na moja."

"Dada, hilo si tatizo," akaongeza upesi. "Nipe nusu saa. Naondoa pale ulipokwama tu. Maneno yote yanabaki ni yako. Itakuwa tamu!"

"Hapana."

"Sasa utafanyaje?"

"Tuma d-dakika tatu za mwanzo. Itakapokatika, ikatike."

"Lakini itakatikia katikati ya neno! Watadhani hujui kutazama saa."

"Si wao wanaojua k-k-kutibu?" Kasi akasema. "Watajua ni nini."

Ijumaa saa sita mchana ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea maombi, na Kasi alikuwa kazini. Kaka yake ndiye mwenye intaneti nzuri ofisini kwake, basi akaachiwa kazi ya kutuma. Jioni akasema, "Tayari, imekwenda." Akatabasamu sana. Kasi angelitazama vizuri lile tabasamu, angejua.

Mwezi ukapita, akaitwa kwenye usaili. Shangazi akamshonea blauzi mpya na kutaka kumsindikiza mpaka ndani, "nikae tu pembeni, nisaidie mawili matatu." Kasi akamwambia hapana, na safari hii hapana ikatoka nzima, bila kukwama hata kidogo. Shangazi akabaki mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni, kama mtu aliyesimamishwa kazi.

Nje ya chumba cha usaili palikuwa na bango la herufi za buluu. Kasi alilijua, kwa sababu kama hilo lilikuwa juu ya meza yake kazini na alilifuta vumbi kila asubuhi: MPE MUDA. MTAZAME USONI. USIMDAKIE MANENO. Akalisoma tena, moyo ukatulia kidogo.

Ndani walikuwa watatu. Mkuu wa idara, profesa, mwanamama mwenye miwani ya mnyororo. Msajili wa chuo, mwenye suti na kalamu tatu mfukoni. Na mhadhiri mmoja kijana aliyekuwa akiendesha kompyuta. Profesa alimkaribisha kwa uso mkunjufu.

"Video yako tumeipenda sana," akasema. "Unatiririka! Kama mtangazaji wa habari."

Kasi alidhani anakejeliwa. Akamtazama usoni, hapana, mama wa watu anasema kweli. Mhadhiri kijana akabonyeza, na pale ukutani akatokea mwanamke wa blauzi ya zamani ya Kasi, ana sauti ya Kasi, anasema maneno ya Kasi, na hakwami popote. Maneno yanafuatana kama shanga. K zote zimo, laini, moja baada ya nyingine.

Kaka yake alikuwa amemkata. Amemkata kama anavyokata kikohozi cha mjomba, akaondoa dakika tano za uso wake, akatuma kilichobaki na kutabasamu. Na nisikufiche jambo: kwa muda wa kupepesa macho mara mbili tatu, Kasi alimwonea wivu yule mwanamke wa ukutani. Alitamani awe yeye. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote.

Sasa angalia mtego. Akinyamaza, anaweza kupita. Alikuwa na hila zake za miaka mingi: kukwepa K, kujibu kwa kifupi, kugonga kidole pajani na kusema kwa mapigo. Usaili ni robo saa; robo saa ataivuka. Akisema kweli, maombi yana udanganyifu, na kila mtu anajua maombi yenye udanganyifu hufanywa nini. Nafasi kumi na mbili, na moja karibu imemwangukia mapajani. Anyamaze tu!

Liwalo na liwe.

"Hiyo video," Kasi akasema, "imek— imek—"

"Imekamilika," msajili akadakia. "Ndiyo, tumeona."

Kasi akatikisa kichwa.

"Imekwama? Kompyuta zetu hizi—"

"Imekatwa."

Profesa akavua miwani. Kasi akainuka, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya picha, palepale penye saa ya shangazi. "Ta-tazameni saa." Mhadhiri akaicheza upya, bila sauti. Mwanzoni mshale mrefu uko kwenye mbili. Mwanamke anazungumza, pasi ya shangazi inaruka kutoka kola hadi mkono wa shati bila kupita katikati, na mshale unarukaruka nao. Mwisho uko karibu na nne. Video yenyewe haikufika dakika tatu. Watu watatu, wasomi wa usemi wa mwanadamu, walikuwa wameitazama wiki nzima wasione. Walikuwa wanasikia utamu.

"Basi umejifunga mwenyewe," msajili akasema, na akafunga faili. "Kanuni ziko wazi. Maombi yaliyochezewa yanafutwa."

"Aliyekata ni k-k—" Kasi akaanza, akaacha. Akaona hata kama ni kweli, hakuja pale kumshitaki mtoto wa shangazi. "Zimekatwa dakika tano. Ni zangu. Nimekuja k-k-kuzichukua."

"Binti, muda—" msajili akaanza.

"Bango," Kasi akasema. "Liko nje ya m-mlango huu huu. Au ni la wagonjwa peke yao?"

Mhadhiri kijana akainamisha uso kwenye kompyuta. Mabega yalimtikisika kidogo. Profesa hakucheka. Alimtazama Kasi kwa namna nyingine sasa, namna ya mtu anayefanya kazi.

"Tuseme tumekupa nafasi," akasema. "Anakuja mgonjwa, maneno yamempotea. Na wewe wa kumtibu unakwama. Nikuulize bila kukuficha: atakuaminije?"

Lilikuwa swali la haki, na afadhali aliyeliuliza usoni kuliko wale wanaoliuliza mgongoni. Kasi alikuwa na jibu lake miaka mitatu. Alirudi kitini, akavuta pumzi, akaanza. Hapa nitafupisha. Yeye hakufupisha hata silabi moja, lakini wale walilipwa kusikiliza na wewe hukulipwa.

Alikuwapo mnadi, mtu wa kunadi samani za watu waliohama. Mdomo wake ulikuwa unauza kiti cha miguu mitatu na mnunuzi anashukuru. Kiharusi kikamwangusha, maneno yote yakaondoka. Akaletwa kliniki mara mbili kwa wiki, akawa anangoja pale mapokezi, na kila anayepita humshika mkono na kuanza kuvuta herufi moja: k, k. Muuguzi akamletea kikombe. Mkewe akampeleka chooni. Daktari akasema ni kichwa, akamwongezea vidonge. Kila wakikosea analia kwa hasira, na kila akilia wanamwandika kwamba amechanganyikiwa. Wiki sita! Siku moja mapokezi pakawa patupu, Kasi kasimama mbele yake na mafaili mkononi, mzee akamshika mkono na kuanza. K. Na Kasi, anayelijua lango hilo kuliko mtu yeyote duniani, hakumletea kitu. Alisimama. Alimtazama usoni. Mafaili yakamchosha mkono, akasimama. Na mwisho mnadi akalitoa.

"Akaniambia," Kasi akasema, "k—"

Neno likajifunga. Likajifunga kuliko siku zote. Shingo ikamkaza, macho yakataka kukimbilia sakafuni, akayazuia. Msajili alikuwa ameshainuka, faili kwapani, anatazama saa yake ya mkononi.

"Kula?" akasema.

Kasi akamkazia macho.

"Kulala? Kwa heri?"

"Msajili," profesa akasema taratibu. "Acha."

Hewa ya feni tu. Kasi hakukwepa, hakugonga kidole pajani, hakutafuta neno jingine la kupitia dirishani. Alisimama mbele ya lango lake, tena mbele za watu, akagonga mpaka likafunguka.

"Kaa."

Na msajili akakaa. Naapa, alikaa, puu, kitini, faili bado kwapani, na sidhani kama alijua amekaa.

"Wiki sita," Kasi akaendelea, na sasa hata akikwama hakujali, "wamempa maji, wamempa dawa. Yeye alikuwa anamwomba mtu akae. K-kila mtu alikuwa anaongea naye amesimama, mguu mmoja uko mlangoni. Nilikaa. Tukakaa. Siku ile akasema maneno manne mengine. Umeuliza ataniaminije, profesa. Mimi nitakaa."

Profesa akamgeukia msajili. "Hii kanuni ya dakika tatu, nani aliiandika?"

Msajili akakohoa. "Wewe, profesa. Mwaka juzi."

Mama wa watu akaguna. Akavaa miwani, akaandika kitu kirefu kwenye karatasi yake, akasema watampigia simu.

Kasi alirudi nyumbani na moto. Hakuvua hata viatu. Kaka yake alikuwa chumba cha cherehani akila, akaacha kijiko hewani.

"Nani alikwambia mimi ni k-kikohozi?"

"Dada, sikiliza. Nilitaka wakusikie. Una maneno mazuri, nilitaka tu wayasikie maneno."

"Umewasikilizisha nani? Yule ni nani? Mimi simjui!" Sauti ilipanda. "Ulitaka wasinione. Mimi ndiye ninayek-kwama. Ukinitoa nikikwama, umenitoa mimi."

Mtu mzima yule akafunika uso kwa viganja. Alisema nisamehe dada, na alimaanisha, na Kasi alimsamehe, lakini si siku ile. Siku ile alimwacha aive kwanza. Shangazi alikuwa amesimamisha cherehani. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kumfahamu, alikuwa na la kusema na hakulisema. Alimtazama mwanawe, akatazama mikono yake mwenyewe, akaanza kutoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye kitambaa.

Wiki mbili zikapita. Jumamosi, mchana kweupe, Kasi ana pasi mkononi, simu yake ikaita juu ya meza ya kukatia. Shangazi akaidaka kama kawaida yake.

"Haloo. Ndiyo, ndipo hapa. Mimi ni shangazi yake." Akasikiliza. Macho yakamtoka. "Chuoni? Nafasi ameipata? Mnataka jibu lake sasa hivi?"

Akavuta pumzi ya kujibu. Jibu lilikuwa limemjaa mashavuni, unaliona kabisa, miaka yote ile ya dukani na hospitalini imejipanga nyuma yake inasukuma. Kasi akaweka pasi wima, akangoja. Na shangazi akalimeza. Lilimpa tabu kushuka, lakini lilishuka.

"Subiri," akasema kwenye simu. "Mwenyewe yupo, atasema mwenyewe. Una muda lakini?"

Akamnyooshea Kasi simu. Alikuwa msajili. Alisema kwa sauti ya kanuni kwamba jopo limempa nafasi, kwamba wapo wengine wanaoitaka, kwamba chuo kinahitaji kujua kama anaikubali. Kisha akanyamaza. Kasi alimsikia akipumua kule upande wa pili, anangoja, na alimsikia neno linamfikia ulimini na analizuia.

Jibu la Kasi lilikuwa tayari. Mchana ule ulimi wake ulikuwa mwepesi, hakuna lango lililofungwa popote. Angeweza kulisema palepale. Akainua macho kwenye saa ya shangazi. Mshale mwembamba ulikuwa juu kabisa, kwenye kumi na mbili. Akautazama ukishuka, ukapita chini kwenye sita, ukaanza kupanda. Shangazi ameshika futi kwa mikono miwili. Msajili kimya, anapumua.

Mshale ulipofika juu tena, Kasi akasema, "Nakubali."